Bana L'shi na gunia la makala

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia kuingia Kongo, Kiswahili cha Dar es Salaam huanza kushuka thamani kama noti iliyochanika. Dereva wa lori aliyenibeba alinionya: huko mbele watu ni *batu*, ugali ni *bukari*, na kisichopo *haiko*. Hakunionya kuhusu makala.

Tulimaliza zile kilomita 90 hadi Lubumbashi usiku. Ilikuwa Julai, na mji ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari ulinipokea kwa baridi ambayo koti langu halikuijua. Asubuhi nikaenda soko la komuni ya Kenya. Mama mmoja alikuwa anapanga mafungu ya makaa, mikono myeusi hadi viwiko. Kila fungu alilitia kipande kirefu wima juu kabisa, lionekane limejaa. Akaniuliza kazi yangu. Nikajibu kwa fahari: ninaandika makala.

Aliitazama mikono yangu misafi. "Makala ni ya kuchoma, papa," akasema. "Haiko ya kuandika."

Majirani zake walicheka mpaka nikacheka nao. Kumbe hapa makala ni makaa yenyewe, yale yanayoletwa kwa baiskeli kutoka misitu ya miombo. Nikamuuliza yeye ni mtu wa wapi, nikitarajia kabila.

"Papa yangu alitokaka Kasai. Mama ni wa Kasenga. Mi niko Lushoise."

Linatamkwa *Lushwaz*, mwanamume ni Lushois, *Lushwa*, kwani Kifaransa hakikubali kumtaja mtu bila kwanza kujua jinsia yake. Ni Lubumbashi iliyofupishwa kuwa L'shi na kupewa mkia wa kigeni. Vijana hupenda zaidi *bana L'shi*, wana wa L'shi, na mimi pia naona hilo ndilo tamu.

Neno lenyewe ni jipya kuliko mji. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Lubumbashi ulikuwa mto tu. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Bomba lake la moshi, lenye urefu wa karibu mita 150, na mlima wa takataka nyeusi za shaba kando yake bado ndivyo vinavyomwambia mgeni amefika. Wakati huo wakazi waliitwa Élisabethvillois, neno ambalo nadhani lilihitaji pumzi mbili. Jina la malkia liliondolewa mwaka 1966. Mwaka mmoja kabla, André Yav alikuwa ameandika *Vocabulaire ya ville de Elisabethville*, historia ya mji kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani waliowapikia na kuwafulia Wazungu. Yeyote anayedhani Kiswahili cha huku ni kilema cha chetu akitafute kitabu hicho. Kimebeba mji mzima mgongoni.

Wachimbaji waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na hasa Kasai, na mwaka 1928 reli ikaunganisha mji na Kasai moja kwa moja. Wakahitaji lugha ambayo si ya yeyote kati yao. Baadaye watoto wao wakahitaji jina ambalo si la kabila lolote.

Kuna jina jingine, Mkatanga, na hilo huuliza babu yako alizikwa wapi. Mwaka 1992 na 1993 lilikuwa na makali: watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa mkoa wa Katanga wa wakati huo, waliitwa *bilulu*, wadudu, wakafukuzwa kwa mamia ya maelfu. Katika miji ya Likasi na Kolwezi walilala kwenye vituo vya treni wakingoja kurudishwa, kwa reli ileile, mahali ambapo baadhi yao hawakuwahi kupaona. Mama wa makala hakulitaja hilo, nami sikumuuliza. Lakini alipolitamka *Lushoise* aliweka mkono kifuani, na vidole vikabaki vimechorwa kwenye kitenge.

Jumapili nilimkuta tena, amenawa, amevaa rangi nyeusi na nyeupe za TP Mazembe, timu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, ya kwanza kutoka Afrika. Alikuwa njiani kwenda Kamalondo uwanjani.

"Na weye, papa," aliniuliza, "batu ya Dar es Salaam banaitwaka je?"

Nilifungua mdomo. Mzanzibari yupo, Wamvita wapo Mombasa, Waamu wapo Lamu. Mdaresalaam? Hakuna anayesema hivyo. Mzaramo ni kabila, na mimi si Mzaramo. Nikajikuta nasema, "Watu wa Dar."

"Ni hivyo tu?"

Akanihurumia, akanifungia makala ya bure kwenye gazeti.