Ugomvi wa Sare

Hivi wewe msomaji, umewahi kugombana na shosti wako kwa sababu ya kitenge? Mimi nimewahi. Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, wasichana sita, tukaanzisha kikundi chetu hosteli. Bumu likitoka kila mtu anatoa chake, ili mwenzetu akiugua au akifiwa pesa iwepo. Tukashona na sare, kitenge cha kijani.

Mwaka uliofuata tukapokea wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Hao wakataka jina jipya, sare mpya, na fedha zisaidie watoto wa mitaani, siyo misiba yetu tu. Nikawaka! “Nyie mmetukuta!” Cha kuniuma zaidi, shosti wangu niliyelala naye chumba kimoja akasimama upande wao. Tangu hapo ikawa salamu tu.

Juzi nilikuwa nasoma habari za vyama vya udada vya vyuo vya Marekani, nikajikuta nimejiona. Mwaka 1908, Chuo Kikuu cha Howard, Washington, Ethel Hedgeman na wenzake wanane walianzisha Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha aina hiyo cha wanafunzi wa kike weusi. Rangi zao ni waridi na kijani (kijani tena, jamani!). Kufika 1912, wanachama 22 waliokuwa bado masomoni wakataka kubadili jina, rangi na mwelekeo, waingie zaidi kwenye mambo ya jamii na siasa. Nellie Quander, aliyekuwa ameshahitimu, aliposikia akagoma katakata. Wale 22 wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913. Upande wa Quander wakakisajili rasmi chama cha zamani tarehe 29, mwezi huo huo.

Machi 3 Delta walikuwa barabarani Washington, wakiandamana kudai kura kwa wanawake. Nikasema haya, kumbe wale vijana ndio waliokuwa sahihi. Lakini Februari, Quander naye alikuwa amemwandikia mwandaaji, Alice Paul, akiwaombea wasichana wa Howard nafasi ya heshima kwenye maandamano hayo hayo.

Hapo nikaifunga kompyuta. Shosti wangu hakuwahi kusema misiba yetu isichangiwe. Sikumpa nafasi ya kumaliza sentensi.

Jumamosi nikampigia.

“Ile sare bado unayo?” akaniuliza, hata hajaitikia salamu.

“Ninayo. Hainipiti mabegani.”

Akacheka.

“Na mimi yangu ninayo,” akasema.