Kuhani Aliyeketi



Leo mfano wangu unatoka kwa kompyuta. Wewe wa shamba na wewe wa sokoni msikimbie, mtauelewa.

Kuna programu ya kuandikia inayoitwa Emacs, inayopendwa sana na watu wanaounda programu. Toleo la 28, lililotoka mwaka 2022, lilikuja na uwezo mpya: kuchukua faili za maagizo yake na kuzigeuza ziwe katika lugha ya mashine yenyewe, ili kazi iende mbio. Hufanya hivyo kimyakimya huku wewe unaendelea kuandika. Ikimaliza, huweka matokeo ghalani, na kesho huyachukua yakiwa tayari.

Lakini wakati mwingine faili fulani hugoma katikati. Ghalani hakuingii kitu. Kesho ukifungua, Emacs inatazama ghala, inaona tupu, inaanza tena. Keshokutwa vivyo hivyo. Wewe unaona tu laptopu imepata moto, feni inavuma, chaji inaisha. Na faili yenyewe inafanya kazi! Ile hali yake ya kwanza ingalipo na inatosha. Dawa ni mwenye faili kuandika neno moja juu yake: hii isigeuzwe tena.

Sasa nikuulize, mpendwa. Ni nini kinachozunguka ndani yako saa nane usiku? Ulitubu. Ulirudisha ulichochukua, ukaomba msamaha. Lakini kila kesha unakuja mbele kwa jambo lilelile, unalia upya, unafunga upya, na Jumatatu uko kazini umechoka, watoto wanakuogopa.

Soma Waebrania 10:11-12. Kuhani wa kale alisimama kila siku akitoa dhabihu zilezile. Yesu alitoa moja, akaketi. Kisha soma Kutoka 25 hadi 30, uhesabu vyombo vya hema: meza, kinara, madhabahu, birika. Cha kuhani kukalia hakimo. (Kiti cha rehema kipo, lakini hicho ni kifuniko cha sanduku la agano, hakuna aliyethubutu kukikalia.) Kazi ya kuhani haikuisha, angeketi lini?

Usinielewe vibaya. Dhambi ya leo itubu leo. 1 Yohana 1:9 bado iko. Na kama pesa za chama ziko mfukoni mwako, hiyo si hatia ya bure inayokusumbua. Zirudishe, kama Zakayo. Mimi nasema na yule aliyekwisha kurudisha na bado hajalala.

Tena wako wahubiri wanaokuita kila mwezi ufunguliwe laana ileile ya ukoo, na kila mwezi kuna bahasha. Waulize kwa upole: ile ya mwezi jana ilienda wapi?

Chukua Biblia yako. Pembeni mwa Waebrania 10 andika tarehe uliyotubu jambo hilo. Mshitaki akija usiku, washa taa, msomee tarehe, kisha uzime taa.

Kesha la Ijumaa liko palepale. Na wewe ambaye umekuwa ukija mbele kwa jambo moja tangu mwaka jana, Ijumaa hii nitakupa orodha ya wagonjwa utuongoze kuwaombea. Ukiwa na jina la kuongeza, liandike hapa chini.