Hewa ya kaboni ni chakula cha mimea? Sawa, na wewe utakula nini?

Nikitaja ukame tu, lazima mtu atokee na ile sentensi: "Kaboni dayoksaidi ni chakula cha mimea, ikiongezeka shamba linafaidika." Anaweka emoji ya kucheka, laiki zinamiminika, mjadala umeisha. Leo hauishi hapo, juu hiyo sentensi ni nusu ukweli, na nusu ukweli ndio mgumu kubishana nao.

Nusu ya kweli ni hii. Mmea huvuta hiyo hewa kupitia vitundu vidogo vya jani, stomata, zile tulichora kidato cha pili tukasahau. Kitundu kikifunguka hewa iingie, maji nayo yanatoka. Hewa ya kaboni ikiwa nyingi, mmea unashiba bila kufungua sana, na maji yanabaki. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 kwa kila milioni ya hewa. Saa hii imepita 420. Kwa hesabu ya karatasi, susu wangu kule Makueni anafaa kuwa anachekelea.

Hachekelei. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilifeli misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya nchi. Jani linaweza kubana matumizi vile linataka, lakini utabana aje maji ambayo hayako? Na hewa hiyo hiyo ndiyo inapandisha joto, na joto linanyonya maji kutoka kwa udongo na kwa jani. Kitu kingine wanaruka: maji yanayotoka kwa jani ni kama jasho. Jani likifunga vitundu, linapata moto zaidi. Mahindi yakipigwa na joto wakati wa kutoa ndevu, unavuna gunzi lenye mapengo.

Tena mahindi yenyewe hayana haja kubwa na hiyo offa. Mahindi, mtama, wimbi na miwa zina mfumo wa ndani wa kurundika kaboni pale inapohitajika, kwa hivyo zimeshiba tayari. Mwaka wa 2004 kule Illinois, watafiti walipulizia mahindi hewa ya kaboni shambani hadi karibu 550. Mvua ilikuwa poa, na mavuno hayakuongezeka. Mahindi husaidika maji yakipungua, lakini lazima kuwe na maji ya kupunguza. Na sisi ni nchi ya ugali, manze.

Zinazofurahia ni ngano, mchele, maharagwe, ndengu, kunde. Hapa ndipo naomba ukae kidogo. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, so msinitumie "soma kwanza.") Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka wa 2014 ulionyesha ngano iliyokuzwa kwa karibu 550 ilipoteza kama asilimia 9 ya zinki na asilimia 5 ya madini ya chuma. Njegere na soya pia zilipungukiwa. Yaani gunia linaweza kujaa vizuri na lishe ndani yake imepungua.

Binamu yangu alijifungua mwaka jana. Kliniki wakamwambia damu iko chini, wakampa vidonge na ushauri: kula maharagwe, ndengu, mboga za kijani. Nyama hawakuitaja sana, nadhani waliangalia viatu vyake. Mtu wa nyama kila siku hatasikia hiyo asilimia 5. Binamu yangu, ambaye chuma yake yote inatoka kwa sufuria ya isio, atasikia.

Kwa hivyo ukiniambia mimea inakula vizuri siku hizi, mimi nauliza nani anakula mimea.

Nyumbani mjadala ni mwingine. Mjomba anataka sehemu ya mahindi ipandwe mtama kabla mvua ya Oktoba. Susu amekataa: ndege wataumaliza, na nani atawafukuza, watoto wako shule na sisi tuko Nairobi tukishika simu. Hapo ana pointi, siwezi mbishia. Pesa ya mbegu hutoka kwangu, so nimetuma ya ndengu na ya mtama robo ekari. Mahindi amesema atanunua mwenyewe.