Jumamosi na Jumapili za mwanafunzi mgeni kule Ubelgiji



Katika chama chetu kuna wamama ambao watoto wao wamepata nafasi ya kwenda kusoma miezi sita ao mwaka mmoja Ulaya, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mpango unaojulikana zaidi ni Erasmus. Ulianza mwaka 1987 kati ya inchi za Ulaya peke yake, na leo unapokea pia wanafunzi wa Afrika. Swali ambalo wamama wananiuliza sana si la masomo. Wanauliza: "Kule, Jumamosi na Jumapili mtoto anafanya nini? Ni kweli wanakunywa na kucheza mpaka asubuhi?" Nilisoma mwaka mmoja kule Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Nitaeleza nilivyoona, kusudi kila mama ajue la kumwambia mtoto wake kabla hajapanda ndege.

Mji unaobaki mtupu

Louvain-la-Neuve ni mji uliojengwa kwa ajili ya universite. Mwaka 1968, ugomvi wa lugha kati ya Waflamand na wasemaji wa Kifaransa uligawanya universite ya kikatoliki ya Leuven. Wale wa Kifaransa walipaswa kuhama, na mwaka 1971 wakaanza kujenga mji mpya katikati ya mashamba. Mpaka leo, katikati ya mji watu wanatembea kwa miguu tu, na magari yanapita chini yao.

Wanafunzi wanapanga vyumba vinavyoitwa kot. Ijumaa alasiri, Wabelgiji wanarudi kwa wazazi wao, maana inchi ni ndogo na treni ziko nyingi. Utasikia magurudumu ya masanduku yakilia juu ya mawe, yote yanaelekea kituo cha treni. Ndani ya sanduku mna nguo chafu. Jumapili jioni sanduku linarudi na nguo zilizofuliwa na vyakula ambavyo mama amepika. Hapo niliona kwamba mama ni mama kila mahali.

Basi anayebaki Jumamosi asubuhi ni mgeni. Korido ni kimya, jiko la pamoja ni kimya, na Jumapili maduka mengi yamefungwa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, jua linazama kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Nilifahamu binti mmoja wa kwetu Kivu ambaye alikuwa anakaa tangu Ijumaa mpaka Jumatatu bila kusema na mtu uso kwa uso. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa chakula. Lakini alianza kukosa masomo ya Jumatatu, kisha ya Jumanne, na mwishowe hakutoka tena chumbani. Wazazi wake walikuwa wanamsifu kwa sababu hatembei ovyo. Wamama, wakati tunaogopa karamu, tuogope pia kimya cha namna hiyo.

Karamu zao

Kwa kuwa wenyeji wanarudi nyumbani, karamu kubwa za wanafunzi kule hufanyika usiku wa Jumatatu mpaka Alhamisi. Bia ni nyingi, na sheria ya Ubelgiji inaruhusu kumuuzia kijana bia na divai kuanzia miaka 16, pombe kali kuanzia miaka 18. Kuna pia desturi ya "ubatizo" wa wanafunzi wapya, ambayo haina uhusiano na kanisa. Wakubwa wanawachafua wapya, wanawaimbisha na kuwanywesha. Mtoto ajue kwamba si lazima. Anaweza kukataa, na hakuna mwalimu atakayemwondolea pointi.

Karamu za mwisho wa juma ni ndogo, na mara nyingi ni za wageni: Mhispania, Mvietnamu, Mkamerun, Mkongo. Nyingi zinafuata desturi ambayo kwa Kifaransa wanaiita "hoteli ya Kihispania", maana yake kila mtu analeta chakula chake mezani. Ukialikwa, usiende mikono mitupu. Mimi nilikuwa napeleka sombe na wali. Mara ya kwanza walitazama ile rangi ya kijani na kuogopa, mara ya pili waliniuliza mbona nimeleta kidogo. Kwa sufuria moja nilipata marafiki wa mwaka mzima.

Jambo lingine ni kelele. Kwetu, jirani akisikia muziki anajua kuna furaha, anakuja. Kule, baada ya saa nne ya usiku jirani anaweza kuita polisi, na wenye karamu wanaweza kulipishwa faini. Watu wanafika saa waliyoambiwa, na wengi wanaaga kabla ya treni ya mwisho. Mtoto aliyezoea sherehe zetu za kuanza kwa kuchelewa atashangaa.

Kutoka kidogo: Matonge na Tervuren

Siku za posho nilikuwa napanda treni kwenda Bruxelles, safari isiyofika saa moja. Vijana wanauziwa tiketi kwa bei ya chini. Karibu na Porte de Namur, katika komini ya Ixelles, kuna mtaa unaoitwa Matonge, jina lililotoka kwa Matonge ya Kinshasa. Pale unapata makayabu, chikwange, pondu, vitenge, na wadada wa kusuka nywele wanaokuita toka mbali. Unasikia Lingala, Kiswahili na Tshiluba katika barabara moja. Kwenye mwingilio wa mtaa, tarehe 30/6/2018, komini ya Bruxelles ilifungua uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Kwa mtoto aliyemaliza majuma mengi bila kusikia lugha yake, saa mbili Matonge ni dawa. Lakini vitu pale ni ghali, kwa hiyo aende na hesabu mkononi.

Safari nyingine ni Tervuren. Tramu namba 44 inatoka Montgomery na kupita kati ya miti mikubwa mpaka karibu na jumba la makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Ndani mna vinyago, mitumbwi na ngoma za kwetu. Sikuweza kupita haraka. Nje, karibu na kanisa la Tervuren, kuna makaburi saba. Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili aliletewa Wakongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuonyeshwa kwa watu kama maonyesho ya soko. Saba walikufa kule. Kati yao kuna Ekia, Gemba na Zao. Nilikuwa na wenzangu Wabelgiji wawili, na hawakuwa wamesikia habari ile shuleni. Tulirudi na tramu tukizungumza mpaka kituo cha mwisho. Somo lile sikulipata darasani.

Soko na bahari

Wamama wa biashara watapenda Liège. Kila Jumapili asubuhi, kando ya mto Meuse, kuna soko refu linaloitwa La Batte: mboga, jibini, kuku wazima, nguo, maua. Saa za mwisho kabla ya kufunga, wauzaji wanapunguza bei na kupiga kelele kama kwetu Kadutu. Wanafunzi wanaojua wanakuja saa hizo, wanabeba mboga za juma zima.

Kuna pia bahari. Toka Bruxelles mpaka Ostende ni zaidi kidogo ya saa moja kwa treni, na toka pale tramu inafuata pwani nzima ya Ubelgiji, karibu kilometa 67. Maji ni ya baridi, upepo unapiga, lakini kutembea mchangani hakulipiwi. Tulibeba mikate na mayai toka nyumbani, na matumizi yetu yalikuwa tiketi tu.

Kwenda inchi jirani kunawezekana. Mwenye karata ya kukaa Ubelgiji pamoja na pasipoti anaweza kutembea Ufaransa, Uholanzi ao Ujerumani, si zaidi ya siku 90 katika siku 180. Uingereza haimo, inaomba viza yake. Asisahau karata nyumbani, maana polisi wanaweza kumwomba ndani ya treni.

Mama afanye nini?

Kwanza, tusimwambie mtoto "usitoke". Tumwambie atoke, na tumuulize anatoka na nani, wanarudi kwa treni ya saa ngapi, na nani anajua mahali walipo. Binti asimwachie mtu glasi yake, na asirudi peke yake. Namba ya msaada ya haraka katika Ulaya ni 112, na kuipiga hakulipiwi.

Pili, apange feza za kutoka tangu mwanzo wa mwezi, kama vile katika AVEC kila moja anajua sehemu yake. Safari moja kwa mwezi na chakula kimoja cha pamoja kila juma vinatosha.

Tatu, ni neno gumu kidogo. Simu nyingi tunazopiga Jumapili zinaanza na salamu na kumalizika na "tutumie kitu". Pesa ya mafunzo imehesabiwa kwa chumba, chakula na vitabu. Nimeona wanafunzi wanaokosa kula, ao wanaokataa kila mwaliko kwa sababu wametuma feza yote nyumbani, kisha wanajifungia kwa haya. Jumapili moja tupige simu bila kuomba chochote. Tumuulize: "Jana ulikula na nani?" Akijibu kwa jina la mtu, tumshukuru Mungu. Akisema "peke yangu" mara tatu mfululizo, tusingoje. Tumwombe aende kwenye ofisi ya msaada wa wanafunzi ya universite yake, ao tutafute Mkongo wa karibu naye amtembelee.

Na ikiwa mtoto wako anafungasha sasa, weka sombe kavu kidogo ndani ya sanduku, baada ya kuuliza kama inaruhusiwa kuingia. Itamfungulia milango mingi.