Mpira wa Rejeta Mlimani Kitonga

Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, barabara yapanda Mlima Kitonga kwa kona kali, huku mwamba, huku bonde. Hapo ndipo mpira wa rejeta wa gari letu kuukuu, lile lenye vitanda ndani, ulipopasuka. Mvuke ukatoka kwa nguvu. Kijana mmoja akataka kufungua kifuniko. Nikamshika mkono, maana maji yale huruka yakambabua mtu uso. Tukangoja hata injini ikapoa, tukatia mpira wa akiba, tukakaza vibano, tukajaza maji. Basi nawe, kabla ya safari, injini ikiwa baridi, binya kila mpira: uliovimba, uliolegea au wenye nyufa, ubadilishe nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga Kitonga.