Leo Uji Umekaa

Niliajiriwa kazi ya uuguzi mwaka 1986, katika hospitali ya kanisa mkoani Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikuwa wametambuliwa mkoani humohumo, na mitaani watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani.

Dawa ya kuuzuia hatukuwa nayo. Tulitibu yaliyoandamana nao: kifua kikuu, kuharisha, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni. Asubuhi nilizungushia pamba kwenye kijiti, nikaichovya katika dawa ya zambarau na kupaka ulimi na kaakaa polepole, huku mgonjwa amenikamata mkono kwa maumivu. Kisha karai, shuka safi, maji ya chumvi na sukari. Kulipokucha tena, baadhi ya vitanda vilikuwa vitupu.

Wahubiri walipita wodini. Wengine waliwataka wagonjwa watubu kwanza ndipo waombewe. Wengine waliwahimiza washukuru, eti yote ni mpango wa Mungu. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya walokole, watoto wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930. Kushukuru nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Hata hivyo, mbele ya kijana aliyebaki mifupa na macho, neno hilo lilinikwama kooni.

Aliyenikwamua ni bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe wa mwisho. Waliomtangulia alikwisha kuwazika kibanjani, kati ya migomba. Kila jioni aliweka kikombe chini, akafumba macho na kusali kwa sauti: “Bwana, hili la mwanangu sikushukuru, na wewe unajua. Nakushukuru leo uji umekaa. Nakushukuru sista amembadilishia shuka.” Uji ukitapikwa, alitafuta kingine: mvua imenyesha, mtoto amecheka. Jioni moja alikosa kabisa. Akasema, “Leo sina,” akamalizia kwa amina.

Mwaka 1997 nilimzika dada yangu kwa ugonjwa huohuo, akaniachia watoto wa kulea. Mazishini mchungaji alisoma Zaburi ya 88, akafunga Biblia, akaketi bila kuhubiri. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hiyo huishia gizani. Nilitiwa nguvu na ukimya wake kuliko hotuba zote za siku ile, kwa kuwa niliona Maandiko yameniwekea nafasi hata mimi niliyekosa la kushukuru.

Serikali ilianza kutoa bure ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, mwaka 2004. Watu tuliokuwa tukiwabeba kuwapeleka chooni walikuja kliniki kwa baiskeli, wamenenepa, wakilalamikia foleni. Nilifurahi mchana, usiku nikalia: dada yangu angesukuma miaka saba tu! Nimemuuliza Mungu kwa nini, na mpaka leo hajanijibu. Kuomba sijaacha. Nikiwa nahesabu vidonge vya wengine, nilisali kama yule bibi: hili la dada sishukuru, nashukuru mama huyu atawaona wanawe wakienda shule.

Nimestaafu nikiwa na imani isiyo na majibu mengi, lakini imeniwezesha kurudi kazini kila asubuhi. Kushukuru hakukunitaka niseme kwamba mateso ni mema. Kulinizuia tu nisiwe kipofu kwa wema uliokuwa ukitendeka pembeni yake, na mara nyingi mtenda wema huo alikuwa jirani mwenye sufuria ya uji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kumwona mgonjwa baada ya ibada, usimwambie ashukuru. Mgeuze ubavu, mnyweshe, mwache amlalamikie Mungu wake. Akipata la kushukuru, atalisema mwenyewe.