Kimya cha Kiingereza kina majina mengi

Mwezi huu nimechagua kuandika juu ya maneno ya Kiingereza ya kunyamaza, kwa sababu maneno haya yanatutatiza nyumbani, shuleni na hata maofisini.

Kwetu neno moja lafanya kazi nyingi. Wazee wa pwani ya kaskazini husema "nyamaa". Mama akimwambia mtoto anayelia, "nyamaa mwanangu," hapo anambembeleza. Mzee akilitamka lilelile kwa ukali, watu wazima wanaogombana wataacha. Wazee wangu wa Ngumi wakisimulia walivyovua kasa kwa taza, yule samaki anayejibandika, husema kasa akionekana basi chombo kizima hunyamaa. Sauti ndiyo inayokuonyesha maana. Lakini Mwingereza mara nyingi hubadilisha neno lenyewe, na ukikosea neno, hata ukilisema kwa upole haisaidii.

Tuanze na "quiet". Hili ni la utulivu: sauti ni ndogo, au hakuna kelele. Kumwambia mtu "please be quiet" ni adabu. Hapa Kenya walimu wengi husema "keep quiet", na darasani haina ubaya. Lakini ukiambiwa "keep quiet about it", maana yake ni usilitoe jambo hilo, lifanye siri. Na muangalie herufi: "quiet" na "quite" si kitu kimoja. La pili maana yake ni "kabisa" au "kiasi".

"Silent" ni kutotoa sauti kabisa. Simu ukiiweka "silent" hailii. Hata herufi zina kimya chake: katika "knife" ile k haitamkwi, katika "lamb" ile b haitamkwi, na katika "night" zile g na h zimekaa tu. Ndizo huitwa "silent letters", na ndizo zinazowachosha watoto wetu, maana Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa.

"Silence" ni kimya chenyewe. Mwalimu akiingia na kusema "Silence!" ni amri. Ila neno hilo pia ni kitendo: "to silence" mtu ni kumnyamazisha, kumziba mdomo asiseme haki yake. Mkilisikia kwenye habari za redio, mara nyingi ndiyo maana hiyo.

"Hush" ni neno la mama na mtoto mchanga. Lina ile "sh" ambayo hata sisi twaitumia kulaza watoto. Lakini "hush money" ni pesa ya kumfunga mtu mdomo, hongo.

"Calm" ni ya moyo na ya bahari. Wavuvi watalielewa upesi: bahari ikiwa shwari ni "calm". Mtu mwenye hasira huambiwa "calm down", atulie. Tahadhari hapa, kwa sababu ukimwambia mkubwa wako hivyo atahisi umemdharau.

Sasa "shut up". Watoto wetu wamelitoa kwenye filamu na barabarani, na wanaambiana kutwa. Wazazi, hili si tafsiri ya "nyamaa". Liko karibu na "funga domo lako". Mtoto akimwambia mwalimu au jirani, ametukana. Mfundisheni aseme "please be quiet". Vilevile mtu asiyesema kwa maumbile msimwite "dumb", kwa kuwa neno hilo sasa lamaanisha mjinga, na ni tusi.

Hayo ndiyo maneno. Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ni kimya chetu sisi wenyewe.

Sisi tumelelewa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Hata katika dini, Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alifundisha kwamba bikira aulizwe idhini yake kabla ya kuozwa, na kimya chake ni idhini. Kwa hiyo kwetu kimya chaweza kuwa jibu, tena jibu zuri. Ofisini mambo si hivyo. Anayekuhoji ana karatasi mbele yake, na kimya hakina mahali pa kuandikwa ila "hakujibu" au "hajui".

Mama mmoja wa darasa langu alihojiwa kuhusu safari yao ya kukimbia 1991. Alipoulizwa juu ya mtoto aliyempoteza njiani, alinyamaa. Mkalimani akasema kwa Kiingereza kwamba mama hajui. Yule mama alikuwa anajua kila kitu, hata rangi ya kanga aliyomfunikia. Alichokosa ni sauti. Kule Uingereza pia, Wabajuni wengi walioomba hifadhi waliulizwa majina ya visiwa na maisha ya huko, na lugha yao ikapimwa. Mtu wa namna hiyo akinyamaa kwa aibu au kwa uchungu, kimya chaweza kumfanya aonekane mgeni wa kwao.

Hata sheria za wenyewe hazifanani. Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1966, polisi akikushika lazima akuambie kabla ya kukuhoji kwamba unayo haki ya kunyamaza. Wanaiita "the right to remain silent". England na Wales pia haki hiyo ipo, lakini kwa sheria ya 1994, ukinyamaza jambo mbele ya polisi kisha ukalitegemea mahakamani, kimya chako chaweza kukudhuru. Kwa hiyo wenye jamaa huko wawaambie waulize wakili kwanza.

Ndugu zangu, sisemi tuache adabu yetu. Nyumbani tunyamaane kama wazee walivyotufunza. Lakini ofisini na shuleni tuwe na neno la kuweka mahali pa kimya. Nawapa manne, muwafundishe na mabibi zenu. Usipoelewa swali, sema "I don't understand the question". Ukisahau, sema "I don't remember", maana kusahau si kusema uongo. Ukitaka kupumua kidogo, sema "I need a minute". Na uchungu ukikukaba, sema "It is hard for me to talk about this". Kama Kiingereza hakipandi, semeni hayohayo kwa Kiswahili na mkalimani ayatafsiri. Ni kazi yake.

Yule mama amekwisha kulishika la nne. Bado analisema kwa sauti ya chini, lakini lasikika. Wanaotaka mazoezi waje darasa la jioni, hata wasiojua kuandika. Wassalaam.